Raba ya betri kwa wachoraji wa penseli: jinsi ya kuichagua na kuitumia bila kutoboa karatasi

Mchoro wa sura ya mtu kwa penseli unaweza kuchukua siku tatu au wiki nzima. Kuuharibu kunachukua sekunde moja.

Katika mkoa wetu wa Singida, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Kiomboi na Nduguti, wapo vijana wanaopokea picha kwenye simu na kuzichora upya kwa penseli kwenye karatasi kubwa. Mteja mmoja anataka picha ya harusi. Mwingine analeta picha pekee iliyobaki ya marehemu babu yake, na anaomba mchoro uwe tayari kabla ya arobaini. Kazi ya namna hiyo ukiitoboa, huwezi kumwambia mteja arudi mwezi ujao.

Siku hizi vijana hao wanaona kwenye video za simu wachoraji wakitumia raba inayozunguka kwa betri. Katika makala haya tunaeleza kifaa hicho ni nini, nani anakihitaji, nini cha kuangalia dukani kabla ya kutoa fedha, na namna ya kukitumia ili kikuongezee kazi badala ya kukuharibia.

Raba ya betri ni nini

Ni kifaa chenye ukubwa wa kalamu nene, kinachoshikwa kama penseli. Ndani yake kuna betri na mota ndogo. Mbele kuna kishikio kinachobana kijiti chembamba cha raba. Ukibonyeza swichi, kijiti kile kinazunguka kwa kasi, na ncha yake inapogusa karatasi inaondoa alama ya penseli.

Tofauti na raba ya kawaida iko kwenye mkono. Raba ya kawaida, ambayo wengine huiita ufutio, inahitaji uikandamize na kuisugua huku na huku. Inafuta eneo pana na mara nyingi inaacha weusi umetapakaa pembeni. Raba ya betri inasugua yenyewe. Kazi ya mkono wako ni kuiongoza tu, na inaweza kufuta doa dogo kama punje ya uwele bila kugusa kilicho jirani.

Kwa nini alama nyingine hazifutiki

Kabla ya kununua mashine, ni vizuri kujua penseli inafanya nini kwenye karatasi.

Penseli haina risasi ndani yake, ingawa wengi wanaamini hivyo. Ina grafaiti, madini laini meusi, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Njia hiyo ilianzishwa nchini Ufaransa na Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu. Hizo ndizo zenye herufi H. Grafaiti ikizidi, penseli inakuwa laini na nyeusi. Hizo ndizo zenye herufi B. Ndiyo maana 6B ni nyeusi kuliko 2B, na HB iko katikati.

Unapochora, chembe za grafaiti zinakaa juu ya nyuzi za karatasi. Raba inazinasa chembe hizo na kuondoka nazo. Zamani wachoraji wa Ulaya walitumia makombo ya mkate kufanya kazi hiyo. Mwaka 1770 mwanasayansi wa Uingereza, Joseph Priestley, aliandika kuhusu mpira unaofuta penseli vizuri, na wakati huo Edward Nairne alikuwa akiuuza jijini London. Mpira huo wa asili ulitokana na utomvu wa miti, kama ule unaogemwa kwenye mashamba ya mpira ya Muheza mkoani Tanga. Raba nyingi nyeupe za leo, zikiwemo nyingi za mashine, ni za plastiki laini.

Hapo kuna jambo la kukumbuka: raba inaondoa kilichokaa juu. Kama uliikandamiza penseli hadi ikachimba mfereji kwenye karatasi, hakuna mashine itakayoufukia mfereji huo. Ukiendelea kuzungusha raba pale pale, utaondoa nyuzi za karatasi yenyewe. Kwa hiyo raba nzuri inaanza na mkono mwepesi wa penseli.

Je, unaihitaji?

Si kila mchoraji anaihitaji. Kama unaanza kujifunza, au unachora kwenye daftari la kawaida, fedha yako itafanya kazi zaidi kwenye vitu vingine. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu:

1. Karatasi nzito. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, na raba ya betri inaichana haraka. Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 160 au zaidi, au manila nzito yenye uso laini.
2. Penseli za aina tatu au nne, kwa mfano HB, 2B, 4B na 6B.
3. Raba nyeupe ya kawaida iliyo laini.
4. Raba ya kufinyanga, ile inayokunjwa kama udongo na kugandamizwa juu ya mchoro ili kupunguza weusi taratibu.
5. Baada ya hapo, raba ya betri.

Anayenufaika zaidi ni yule anayechora sura za watu kwa malipo, mwenye nywele, ndevu, macho, shanga na mikunjo ya kitenge ya kushughulikia. Vilevile mwanafunzi au fundi anayechora ramani za nyumba kwa penseli na anayehitaji kufuta mstari mmoja kati ya mistari mingi.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Hizi si bei za soko, ni mfano tu: tuseme mashine ni shilingi 20,000, na kila mchoro, ukitoa karatasi na penseli, unakubakizia shilingi 5,000. Maana yake michoro minne ya kwanza inalipia mashine, bila kuhesabu betri na vijiti vya akiba. Kama kwa mwezi unapata mteja mmoja, fikiri tena. Kama unapata watano, mashine inaweza kujilipa mapema.

Mambo sita ya kuangalia dukani

Kwanza, kijiti cha akiba. Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Raba inakwisha kama chaki. Saizi zinazopatikana sana ni vijiti vya unene wa milimita 5 na vile vyembamba vya milimita 2.3. Muulize muuzaji kama anauza vijiti vya akiba peke yake. Kama hana, hesabu vilivyomo kwenye boksi. Hivyo ndivyo utakavyoishi navyo.

Pili, kishikio. Weka kijiti, washa, kisha iangalie ncha kwa upande. Ikizunguka imetulia, ni nzuri. Ikiyumba na kuchora duara hewani, itafuta eneo kubwa kuliko unavyotaka, na hautakuwa na namna ya kuirekebisha.

Tatu, nguvu ya mota. Gusisha ncha kwenye kipande cha karatasi chenye alama ya penseli. Ikisimama mara tu inapogusa, ni dhaifu mno. Ikiendelea kuzunguka kwa mguso mwepesi na kusimama ukiikandamiza sana, hiyo inafaa, kwa sababu kusimama huko kunailinda karatasi yako.

Nne, swichi. Zipo zinazofanya kazi wakati umebonyeza tu, na zipo za kuwasha na kuzima. Kwa kazi ya vidoa vidogo, ile ya kubonyeza ni salama zaidi: ukiachia kidole, inasimama.

Tano, uzito. Ishike kama unavyoshika penseli kwa dakika mbili nzima. Kama kifundo cha mkono kinachoka dukani, nyumbani utachoka zaidi.

Sita, aina ya raba iliyomo. Nyeupe na laini ndiyo ya penseli. Ile ngumu ya kijivu yenye chembe kama mchanga imetengenezwa kwa ajili ya wino. Inafanya kazi kwa kukwangua karatasi. Usiitumie kwenye mchoro wa sura.

Yapo majina yanayojulikana kimataifa kwa vifaa hivi, kama Derwent ya Uingereza na Sakura ya Japani, na zipo nyingi zisizo na jina kubwa. Jina peke yake lisikuamulie. Kama unaagiza kutoka Dodoma au Kariakoo ili iletwe kwa basi, mwombe muuzaji akutumie kwanza video fupi akiwa ameiwasha na kuigusisha kwenye karatasi. Video hiyo itakuonyesha kishikio na nguvu ya mota kabla hujatuma fedha.

Betri: za kununua au za kuchaji

Mashine nyingi zinatumia betri mbili ndogo za saizi ya AAA, zile zinazotumika kwenye rimoti nyingi. Nyingine zina betri ya ndani inayochajiwa kwa waya wa USB.

Kama kijijini kwenu mnachaji simu kwa sola, ile ya kuchaji inaweza kukufaa, kwa sababu waya unaochaji simu mara nyingi ndio utakaochaji mashine. Hakikisha tundu lake linalingana na waya ulio nao. Tatizo lake ni kwamba betri ya ndani ikifa baada ya muda, mara nyingi haibadilishiki.

Kama unachagua ya betri za kununua, chukua betri za alkali. Zile za bei ya chini za kaboni huchoka haraka kwenye vifaa vyenye mota. Unaweza pia kutumia betri za AAA za kuchaji. Moja huwa na volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo mashine inaweza kuzunguka polepole kidogo, lakini kwa kazi ya penseli hilo si tatizo.

Kanuni tatu za betri: usichanganye ya zamani na mpya, usichanganye aina mbili tofauti, na zitoe kama hutatumia mashine kwa wiki kadhaa, kwa sababu betri iliyochoka huvuja na kula vyuma vya ndani.

Dalili ya betri kuisha ni mzunguko kupungua. Hapo mchoraji huanza kukandamiza bila kujua, na karatasi ndiyo inayoumia. Badilisha betri mapema.

Namna ya kuitumia, hatua kwa hatua

1. Toa ncha ya raba nje ya kishikio kwa milimita 3 hadi 5. Ikizidi hapo itayumba au kukatika. Ikipungua sana, kishikio kitagusa karatasi na kuichana.
2. Safisha ncha kwa kuizungusha kwenye karatasi chakavu mpaka iwe nyeupe. Ncha chafu inapaka weusi badala ya kuuondoa.
3. Weka karatasi safi chini ya kiganja ili jasho na mafuta ya mkono yasiingie kwenye mchoro.
4. Washa ikiwa hewani. Usiiweke kwenye karatasi kisha ndipo uwashe; itaruka.
5. Gusa kwa mguso mwepesi, kisha inua. Hesabu moja, inua. Kama alama bado ipo, rudi tena. Miguso mitano myepesi ni salama kuliko mmoja mzito.
6. Usikae mahali pamoja. Msuguano unaleta joto, na joto linaifanya raba ya plastiki inate na kuacha utando ambao penseli haitashika tena.
7. Ondoa makombo ya raba kwa brashi laini au unyoya wa kuku. Usiyafute kwa kiganja, maana yatasambaza weusi. Usiyapulize kwa mdomo, maana tone la mate likianguka kwenye mchoro linaacha doa.

Kama sehemu imejaa 6B nyingi hadi inang'aa, anza na raba ya kufinyanga: gandamiza, inua, gandamiza, inua. Ukishapunguza weusi ndipo ulete mashine.

Na kama unapuliza dawa ya kushikilia penseli isichafuke, maliza kufuta kwanza. Ukishapuliza, grafaiti inafungwa kwenye karatasi na raba haitafanya kazi vizuri.

Raba inayochora mwanga

Wengi wananunua kifaa hiki wakidhani ni cha kufutia makosa. Faida yake kubwa iko kwingine: inachora mwanga.

Karatasi ndiyo rangi nyeupe pekee uliyo nayo. Ukishaipaka kivuli, njia ya kuurudisha weupe ni kuondoa grafaiti. Nukta ya mwanga kwenye jicho, ile inayoifanya sura ionekane hai, inapatikana kwa mguso mmoja wa ncha iliyochongwa. Mvi za mzee zinapatikana kwa kupaka kivuli kwanza, kisha kuvuta mistari myembamba kwa raba kufuata upande nywele zinakoelekea. Jasho kwenye paji la uso, mng'ao wa shanga, ukingo wa kikombe cha bati, vyote ni kazi ya raba.

Kuchonga ncha ni rahisi. Washa mashine, kisha ilaze kwa mshazari juu ya msasa laini kwa sekunde chache. Ncha itakuwa nyembamba kama ya penseli.

Kabla ya kugusa kazi ya mteja, fanya zoezi hili kwenye karatasi ya aina ile ile. Paka mraba wa kivuli kwa 4B. Ndani yake chora ua la alizeti kwa kutumia raba pekee: petali kwa mistari, mbegu kwa nukta. Singida hatuna uhaba wa alizeti za kuangalia. Ukiweza kuweka nukta hamsini zenye ukubwa sawa bila kuchubua karatasi, mkono wako uko tayari kwa jicho la mtu.

Vifaa vya kujitengenezea

*Kinga ya kufutia.* Wachoraji wa ramani hutumia kibati chembamba chenye matundu ili raba ifute ndani ya tundu tu. Nyumbani, chukua ile kadi ya plastiki inayobaki ukishatoa laini ya simu. Tayari ina tundu lenye kingo zilizonyooka. Iweke juu ya mchoro, ishikilie kwa kidole, kisha futa ndani ya tundu.

*Vijiti vya akiba.* Ukikosa vijiti, tafuta bomba jembamba la chuma lenye upana wa ndani unaolingana na kijiti chako; kipande cha antena mbovu ya redio kinaweza kufaa. Noa ukingo wake, kisha usukume ukizungusha ndani ya raba nyeupe ya kawaida. Utapata kijiti cha duara. Kijaribu kwenye karatasi chakavu kwanza: kikilegea kwenye kishikio, usikitumie, kinaweza kuruka.

Vumbi, unyevu na watoto

Wakati wa kiangazi upepo wetu hubeba vumbi jingi. Mchanga ukinasa kwenye ncha ya raba, ncha inakuwa msasa. Hifadhi mashine kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, na ikague ncha kabla ya kila kazi.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, karatasi hunyonya unyevu na nyuzi zake hulegea. Karatasi yenye unyevu huchubuka kirahisi. Ihifadhi kwenye bahasha ya plastiki mbali na ukuta, na ikilegea mkononi, ahirisha kufuta mpaka ikauke.

Betri na vipande vya raba viwekwe mbali na watoto wadogo. Zipo mashine ndogo zinazotumia betri za duara kama kifungo cha shati. Hizo ni hatari kubwa: mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache. Mkimbize kituo cha afya mara moja, wala usimtapishe. Betri zilizokwisha usizitupe motoni, maana zinaweza kupasuka, wala karibu na kisima.

Neno kwa wanafunzi

Kama unasoma Sanaa au uchoraji wa kiufundi na unatarajia mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, muulize mwalimu wako mapema kama kifaa cha betri kinaruhusiwa kwenye chumba cha mtihani. Usisubiri siku yenyewe. Na hata kikiruhusiwa, jizoeze pia kwa raba ya kawaida, kwa sababu betri inaweza kuisha katikati ya swali.

Kwa kifupi

Nunua karatasi nzuri kabla ya mashine. Dukani, uliza vijiti vya akiba na uangalie kama ncha inayumba. Nyumbani, washa hewani, gusa kidogo, inua. Fuata hayo na kifaa hiki kitakuwa penseli yako nyeupe.

Wewe unayechora huko kijijini, jaribu zoezi la alizeti wiki hii kwa raba yoyote uliyo nayo. Na kama kuna kifaa kingine cha kazi ya mikono ambacho ungependa tukieleze, tutumie ujumbe wakati wa kipindi, nasi tutakifanyia kazi.